Mwalimu, Testi Yako Ndiyo Imefeli

Wacha niiseme mapema ndio tusizungushane: wengi wenu mnaosema "mimi na Python hatuelewani" hamna shida yoyote. Mlihukumiwa na mashine ambayo hakuna mtu aliwahi kuikagua.

Mnajua venye huenda. Asaimenti inafungwa saa sita usiku. Fankisheni yako umeiandika, umeijaribu kwa laptopu, jibu linatoka sawa. Unaipakia kwa mfumo wa chuo. Inazunguka, inazunguka, halafu nyekundu. "Testi 3 kati ya 8 zimefeli." Zipi? Haisemi. Kwa nini? Haisemi. Unabadilisha kitu kidogo, unapakia tena. Nyekundu. Unafuta nafasi, unabadilisha jina la variabo, unaomba Mungu. Nyekundu. Ikifika saa sita kasorobo umeshaanza kuulizia kwa grupu la WhatsApp kama bado mtu anaweza kuhamia kozi ya ununuzi na ugavi.

Kesho yake unamfuata mwalimu, na anakupa lile jibu lao: "Mfumo haukosei."

Mfumo hukosea, bana. Hukosea kila wiki. Na leo nataka tuongee kuhusu hiyo, juu kuna watu wanaacha hii kazi wakidhani hawana akili, kumbe ni koma.

(Kabla tuendelee: nikisema kodi hapa namaanisha ile mistari unaandika kwa kompyuta. Ile ya KRA itakuja, tulia.)

Tuanze na kitu ambacho hawawaambii. Hiyo mashine inayowasahihisha si akili ya kutoka mbinguni. Ni faili ya Python kama yako. Mwalimu anaandika faili yake, anaileta fankisheni yako ndani kwa import, anaipa namba fulani, halafu anaandika assert, yaani "nasisitiza jibu liwe hili". Jibu likilingana, kijani. Lisipolingana, nyekundu. Hakuna uchawi mwingine hapo. Ni kodi inayopima kodi, na imeandikwa na binadamu aliyekuwa amechoka, pengine saa hiyo hiyo ya usiku ulikuwa unalia. Kama kodi yako inaweza kuwa na bagi, yake pia inaweza. Tofauti ni kwamba bagi yako inakukata alama, na bagi yake pia inakukata wewe alama.

Na msiniambie teknolojia ni mpya, tuwape muda wazoee. Jack Hollingsworth wa Rensselaer Polytechnic Institute, kule Marekani, aliandika kuhusu mashine ya kusahihisha programu za wanafunzi mwaka wa 1960. Enzi za kadi za kutobolewa matundu! Python yenyewe imekuja na unittest ndani yake tangu toleo la 2.1, mwaka wa 2001. Kuna wasee wanasoma hii post hawakuwa wamezaliwa. Muda wa kuzoea uliisha zamani.

Sasa twende kwa ile ya KRA.

Swali: "Andika fankisheni jumla(bei) inayorudisha bei pamoja na VAT ya asilimia 16." Rahisi. Hata mama wa duka anaifanya kwa kichwa. Mwanafunzi wa kwanza anaandika return bei * 1.16. Wa pili anaandika return bei + bei * 0.16. Hesabu ni ile ile, ama? Mwalimu wa hesabu angewapa tiki wote wawili. Testi ya mwalimu inasema assert jumla(100) == 116.

Wa pili anapata 116.0, kijani. Wa kwanza anapata 115.99999999999999, nyekundu.

Fungua Python yako sai uandike 100 * 1.16 kama unadhani nadanganya. Sababu ni kwamba kompyuta haihifadhi 1.16 yenyewe. Inahifadhi namba iliyo karibu sana nayo, kwa mfumo wa sifuri na moja, na ile tofauti ndogo ukiizidisha mara mia inajitokeza mwishoni. Ndio maana pia 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Si bagi ya Python, lugha karibu zote zinafanya hivyo. Lakini huyu mwanafunzi wa kwanza hajui hayo, yuko wiki ya tatu. Anachojua ni kwamba jirani yake amepita na yeye amefeli na hesabu yao ni moja. Atajifunza nini hapo? Atajifunza kunakili kwa jirani.

Na dawa ipo, tena ya neno moja. Kwa pytest mwalimu angeandika assert jumla(100) == pytest.approx(116), basi, kwisha. Kwa unittest kuna assertAlmostEqual. Kwa Python tupu kuna math.isclose, iko tangu toleo la 3.5 la mwaka wa 2015. Mwalimu ambaye bado analinganisha namba za desimali kwa == mwaka huu, na anakata watu alama kwa hiyo, huyo ndiye anafaa kurudia wiki ya tatu. Na kama anataka kufundisha pesa vizuri, afundishe Decimal ama ahesabu kwa senti. Hiyo ni somo zuri sana. Lakini alifundishe darasani, asilifiche ndani ya testi halafu akae aangalie watu wakianguka.

Kuna dada yake huyu bagi, hii huwa inaniudhi hata zaidi. Shule ya msingi tulifundishwa nusu inapanda: 12.5 ni 13. Andika round(12.5) kwa Python. Unapata 12. Andika round(13.5), unapata 14. Python 3 ikikuta nusu kamili inaenda kwa namba shufwa iliyo karibu. Iko wazi kwa nyaraka zao, na ina sababu nzuri za kitakwimu. Sasa mwalimu ametumia round kwa suluhisho lake, akanakili jibu lililotoka akaliweka kwa testi, bila kufikiria. Mwanafunzi anayejua hesabu ya darasa la tano, akaamua kuandika mwenyewe vile nusu inapanda, anafeli. Aliyefuata maagizo kwa akili yake ameadhibiwa. Aliyeandika neno moja bila kuelewa amepita.

Koma nayo. "Andika programu inayouliza jina na kusalimia." Wewe unaandika input("Jina lako ni nani? ") kama mtu mwenye adabu, halafu unaprinti Habari, Wanjiku. Kwa macho yako iko poa. Lakini mashine inasoma kila kitu kilichotoka kwa programu, na lile swali lako la adabu pia limetoka. Kwa hivyo inaona "Jina lako ni nani? Habari, Wanjiku" kwa mstari mmoja, na yenyewe ilitaka "Habari, Wanjiku" peke yake. Nyekundu. Ungekuwa mjinga wa tabia, uulize bila swali, input() tupu, ungepita. Ama uliweka nafasi moja mwishoni. Ama swali lilisema "salimia mtumiaji" bila kusema kama kuna alama ya mshangao, na testi inataka alama ya mshangao. Hapo unapimwa kupiga ramli. Python haiko kwa hiyo mtihani.

Halafu kuna testi kigeugeu, hizi ndizo zinafanya mtu aamini amerogwa. Swali linasema toa majina yaliyojirudia kwenye listi. Unatumia list(set(majina)), unapata majina yote, kila moja mara moja. Testi inataka ['Achieng', 'Kamau', 'Mutua'], kwa mpangilio huo. Lakini set ya Python haina mpangilio, na kwa maneno, mpangilio unaotoka unaweza kubadilika kila ukianzisha programu upya, makusudi, kwa sababu za usalama. Kwa hivyo unapakia saa mbili, nyekundu. Unapakia ile ile kodi, hujagusa kitu, saa mbili na dakika tano, kijani. Kuna watu wamepata alama zao namna hiyo na kuna watu wamezikosa namna hiyo. Hiyo ni betting na jina la somo juu yake. Kama mpangilio hauna maana, mwalimu apange pande zote mbili kwa sorted kabla ya kulinganisha. Kama una maana, aandike kwa swali, "kwa mpangilio wa kuonekana mara ya kwanza", na wewe utumie list(dict.fromkeys(majina)), hiyo inatunza mpangilio na tangu Python 3.7 ni ahadi rasmi ya lugha.

Mpaka hapa nimeongea kuhusu testi zinazofelisha watu wazuri. Upande wa pili ni mbaya vile vile na hakuna anayelalamika, juu nani atalalamika amepita?

Kuna testi ambazo haziwezi kufeli. Mwalimu anaandika assert (jumla(100) == 116, "Umekosea hesabu"). Inakaa sawa. Lakini hayo mabano yamegeuza kila kitu kuwa furushi moja lenye vitu viwili, na kwa Python furushi lisilo tupu ni kweli daima. Hata ukirudisha jina la mbuzi wako, kijani. Python inatoa onyo kuhusu hiyo, lakini onyo linatokea kwa skrini ya mwalimu na mwalimu haangalii. Ama amenakili testi moja akaibandika chini, akabadilisha namba, akasahau kubadilisha jina. Sasa kuna test_jumla mbili kwa faili moja. Ya pili inaifuta ya kwanza kimya kimya. Alidhani anapima vitu viwili, anapima kimoja. Ama ameiita jumla_test badala ya test_jumla, na pytest haiangalii fankisheni ambayo jina lake halianzi na test. Iko tu hapo kama mgeni wa harusi asiyejulikana na mtu.

Kwa hivyo unapata darasa ambalo msee mmoja anafeli kwa sababu ya 115.99999999999999 na mwingine anapita na fankisheni isiyofanya kazi. Halafu hizo alama zinaenda kwa transkripti. Zinaamua nani anapata atachimenti. Zinaamua nani anabaki na msaada wa karo. Hii si maneno ya "eish, teknolojia". Ni maisha ya watu.

Sasa najua kuna wale wazee wa Twitter wanakuja na "kazini pia ni hivyo, jipangeni". Wapi? Kazini testi iko hapo ndani ya mradi, unaifungua, unaisoma, unaona ilitaka nini na ilipata nini. Ikiwa mbaya unamwambia mwenzako na inarekebishwa kama kodi nyingine yoyote. Hakuna kampuni inayokupa kazi halafu inakuficha kwa nini imekataliwa. Mnachofanya chuoni hakipo kazini, kipo tu kwa mtihani wa leseni ya kuendesha gari.

Wengine wanasema, wakionyeshwa testi watadanganya. Wataandika if bei == 100: return 116. Hii ndiyo hoja pekee yenye uzito, nitaijibu vizuri. Ni kweli wapo watakaofanya hivyo. Lakini kumzuia huyo ni rahisi: onyesha testi za mazoezi, halafu za kupewa alama badilisha namba. Mpe 100 mazoezini, mtahini na 250 na 0 na 79.50. Kuna hata maktaba inaitwa Hypothesis, inakutungia namba zenyewe, mamia, mdanganyifu hawezi kuziandika zote. Na hata kama unaficha testi, ikifeli sema imefeli na nini: "nilikupa 0, nilitaka 0, nikapata erori". Hiyo haimpi mtu jibu. Inampa mahali pa kuangalia.

Na tuambiane ukweli kuhusu udanganyifu wenyewe. Mtu akiona nyekundu isiyo na maelezo mara tano, hafanyi utafiti. Anabandika swali kwa ChatGPT, anapewa kitu kinachopita, anapakia, analala. Mlificha testi ndio asidanganye, mkamfikisha mahali ambapo kudanganya ndiyo njia pekee iliyobaki wazi. Yule mwaminifu aliyekaa usiku kucha akitafuta bagi isiyokuwepo ndiye ameumia peke yake, na bando limeisha.

Inawezekana kufanya vizuri. Exercism ni bure, ina njia nzima ya Python, na kila zoezi linakuja na faili yake ya testi wazi kabisa, unaisoma kabla hujaandika hata mstari mmoja. check50, ile ya kozi ya CS50 ya Harvard, ikikukataa inakuonyesha ilitarajia nini na ilipata nini. Watu bado wanatoa jasho kwa CS50, hakuna anayesema ni rahisi. Kwa hivyo hii habari ya kwamba kuficha ndio ugumu, tuwache.

Haya, na nyinyi wanafunzi msianze kushangilia sana. Mara nyingi testi iko sawa na wewe ndiye umekosea, na huwezi kumkabili mwalimu kama hujui kutofautisha. Ukimwendea na "sir mbona naona red na kodi iko poa" atakufukuza, na atakuwa sahihi.

Kwanza soma erori. Yote. Watu wanaogopa ile maandishi mengi wanaifunga. Mistari inayoanza na E kwa pytest ndiyo inakuambia kisa. Ukiona assert None == 116, hiyo si njama dhidi yako, umeprinti badala ya kurudisha. print inaonyesha kwa skrini, return inampa aliyekuita. Testi haiangalii skrini yako, inangoja mkono wako utoe kitu, na wewe umetoa None. Kama hukumbuki kitu kingine kwa hii post, kumbuka hicho.

Ukiona erori ya OSError inasema pytest inasoma stdin, umeweka input() nje ya fankisheni. Testi ilipoleta faili yako, programu yako ikaanza kuuliza maswali na hakuna mtu wa kujibu. Weka hiyo sehemu chini ya if __name__ == "__main__": na itatulia. Ukiona testi ya kwanza imepita na ya pili inaleta vitu vya ile ya kwanza, angalia kama umeandika def ongeza(kitu, kikapu=[]). Hicho kikapu kinaundwa mara moja tu, kila anayeita anatumia kile kile, kama sufuria ya hosteli. Hapo testi imekusaidia, ishukuru. Na kama umeita faili yako random.py halafu ndani umeandika import random, manze, unajileta mwenyewe.

Kama maneno mawili yanaonekana sawa na mashine inasema si sawa, yaprinti kwa repr. Ile nafasi ya mwishoni itajionyesha: 'Habari, Wanjiku '. Endesha pytest -vv ikupe tofauti yote, na -x isimame kwa kosa la kwanza ndio usizame. Halafu ita fankisheni yako kwa mkono, na namba ile ile testi imetumia, si namba unayoipenda wewe. Watu hupima na 10 kila siku halafu wanashangaa 0 imewaua.

Ukifanya hayo yote na bado unaona testi ndiyo mbaya, sasa mwandikie mwalimu. Na umwandikie hivi: "Habari mwalimu. Swali la 4 linasema turudishe bei na VAT. Kwa jumla(100) natumia 100 * 1.16, Python inanipa 115.99999999999999. Testi inatumia == na 116. Naomba tutumie pytest.approx. Nimejaribu, zote zinapita." Hiyo ni mistari minne. Ina swali, ina namba niliyotoa, ina jibu nililopata, ina dawa. Mwalimu mzuri ataibadilisha kwa dakika mbili na atakukumbuka. Mbaya atakujibu mfumo haukosei, lakini sasa kuna maandishi. Peleka kwa mwakilishi wa darasa, peleka kwa mkuu wa idara, na mwende wengi. Wale wengine walioandika 1.16 mko nao kwa grupu.

Na kwa walimu, sijui mnaona kama nawashambulia. Najua madarasa ni makubwa. Najua walimu wa vyuo vya umma wamegoma mara ngapi kwa sababu ya mishahara. Mashine ya kusahihisha ni msaada wa kweli kwa mtu mwenye wanafunzi mia tatu, sitaki itupwe. Ninachotaka ni kazi ya nusu saa kabla hujaichapisha. Endesha testi zako kwa suluhisho lako. Mpe mwenzako ama mwanafunzi wa mwaka wa nne aandike suluhisho lake bila kuona lako, liendeshe pia. Likifeli, swali lako halijaeleweka ama testi ni mbaya, chagua. Halafu andika suluhisho la kijinga makusudi, lirudishe None, na uhakikishe kila kitu kinakuwa nyekundu. Kikibaki kijani, una testi mfu. Na juu ya swali andika toleo la Python mashine inatumia, juu kuna watu wameandika match, ambayo iko tangu 3.10 ya mwaka wa 2021, wakapigwa SyntaxError na mashine ya chuo iliyobaki nyuma, na hakuna mtu alikuwa amewaambia.

Na ukigundua testi ilikuwa mbaya baada ya alama kutoka, endesha tena kwa darasa zima. Kodi zao unazo, ziko kwa mfumo. Usimrudishie alama yule mmoja aliyekuja ofisini na kuwaacha wale walionyamaza.

Sijasema haya kwa sababu ya watu wa chuo peke yao. Mwaka wa 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa kodi wa Kodris Africa utumike shuleni. Kwa hivyo hii nyekundu inashuka chini. Msee wa miaka ishirini akiambiwa amefeli bila sababu anaweza kutukana, aende alale, arudi kesho. Mtoto wa miaka kumi hana hayo maneno. Anaona nyekundu, anaona mwenzake ana kijani, anafunga kompyuta ya shule na kuenda kucheza, na hakuna mtu atawahi kumwambia kwamba jibu lake lilikuwa sawa na ilikuwa ni nafasi moja tu mwisho wa mstari.